Kazi ya Saa Nane Mchana

Chumba cha seva kilikuwa chini kabisa ya hospitali, mlango wa pili kutoka chumba cha maiti, na Inspekta hakuupenda ujirani huo hata kidogo. Aliyechora ramani ya jengo alikuwa na hoja yake: mashine zinataka baridi, maiti nao wanataka baridi, basi akawapitishia bomba moja. Ilikuwa Jumapili, saa sita na robo mchana. Nje jua lilikuwa linachoma, lakini humu ndani mtu alihitaji koti. Feni zilivuma bila kupumzika, na kila baada ya muda taa ndogo za kijani zilikimbia kutoka upande mmoja wa kabati hadi mwingine, kisha zikatulia.

Aliyemfungulia mlango alikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali, dada mmoja ambaye wenzake walimwita Miwani, na ukimwona tu huulizi kwa nini. Alikuwa amekuja kwa shingo upande, siku yake ya mapumziko. Alisema wazi kwamba hapendi kukaa humu peke yake hata mchana, na kwamba akibaki peke yake huacha mlango wazi na kufungulia redio. Inspekta aliuacha mlango wazi. Redio alimwomba aizime.

"Kuna mtu nimemweka ndani tangu Alhamisi," alimwambia. "Kesho saa tatu asubuhi anasomewa mashtaka ya kuua watu watatu. Nimebakiwa na leo tu ya kujua kama ni yeye."

Miwani alijua. Hospitali nzima ilijua, na wengi walishakata shauri kwamba ni yeye.

Kisa chenyewe kilianzia mlango wa jirani. Mhudumu wa chumba cha maiti, mzee mkimya ambaye katika miaka ishirini ya kazi hakuwahi kumlalamikia mtu, alikuwa amefika kituo cha polisi na kusema maneno ambayo askari wa zamu alimwomba ayarudie. Alisema ameletewa maiti watatu kutoka chumba cha tisa cha wodi ya juu, kila mmoja wiki yake, wote Jumatatu asubuhi. Karatasi zilisema wamefariki jana yake, Jumapili, saa nane mchana. Wote watatu walikuwa bado na joto.

Chumba cha tisa kilikuwa na kitanda kimoja, mwisho wa ukumbi, kwa ajili ya wagonjwa wa maradhi ya kuambukiza. Inspekta alipouliza nani aliandika vifo hivyo kwenye kompyuta kabla havijatokea, alioneshwa jina la akaunti. Lilikuwa la fundi aliyemtangulia Miwani, ambaye kazini walimwita Betri kwa sababu hakuwa mtu wa kuchoka. Tatizo ni kwamba Betri alikuwa amezikwa wiki tisa zilizopita, na kifo cha kwanza kati ya hivyo vitatu kilikuwa cha wiki tano zilizopita.

Wodini hawakuhitaji maelezo zaidi. Marehemu anaita watu, walisema, na wawili wakaomba uhamisho. Mkuu wa kituo naye hakuwa mtu wa mizimu. Yeye aliuliza swali moja: marehemu ameacha nani? Ameacha mke, akajibiwa, na mke ni muuguzi wa wodi hiyohiyo, na tangu arudi kutoka likizo ya msiba, Jumapili zote tatu ndiye aliyekuwa na chumba cha tisa, na hicho tu, zamu ya asubuhi. Neno la siri la mumewe alilijua, tena alilitaja mwenyewe bila kubanwa, kwamba ni tarehe ya kuzaliwa mtoto wao wa kwanza. Juu ya hayo, kompyuta ilionesha kwamba Jumapili ya kifo cha tatu alimpima mgonjwa saa 02:10, yaani saa nane na dakika kumi usiku, wakati zamu yake ilikuwa haijaanza. Mkuu wa kituo alipiga meza kwa furaha. Alimwambia Inspekta kwamba mwanamke anayeingia kwa siri usiku wa manane katika chumba cha mgonjwa hakwenda kumpa pole.

Inspekta angekubali, isipokuwa kwa jambo moja. Daftari la getini lilisema mjane huyo aliingia hospitali saa moja kasorobo asubuhi. Mlinzi aliyeandika hakuwa na sababu ya kudanganya, na geti lilikuwa moja tu. Watoto wawili wa mjane walikuwa kwa mama yao mdogo, wakiambiwa mama yuko safari. Hilo nalo lilimkera.

Asubuhi ya leo alikuwa ameongea na msimamizi wa wodi, mama mnene aliyeitwa Bi Mkubwa na kila mtu hadi madaktari. Bi Mkubwa alimweleza, huku akitazama mlangoni, kwamba Jumapili zile kengele ya chumba cha tisa ilikuwa inalia. Mgonjwa akishafariki mle, mlango hufungwa na maiti haiguswi mpaka watu wenye mavazi maalumu waje, na hao Jumapili hawafanyi kazi. Kwa hiyo ndani kulikuwa na maiti tu, na kengele ikalia. Jumapili ya kwanza wakasema ni waya. Ya pili ililia mara nne, ya mwisho saa moja jioni, na muuguzi mmoja akaondoka na viatu vya kazini asirudi tena. Ya tatu, ilipolia mara ya kwanza tu walimwita fundi umeme akaja akakata waya. Inspekta aliyaandika yote hayo kwenye daftari lake.

Sasa alivuta kiti karibu na skrini.

"Vifo vitatu, vyote saa nane kamili," alisema. "Mimi sijawahi kufanya kitu saa nane kamili mara tatu mfululizo, hata kula. Hapa kwenu ni nini kinafanyika saa nane kamili?"

Miwani aliinua kichwa. Alisema mashine ina kazi za ratiba, kama saba hivi, ambazo inazifanya yenyewe bila mtu kuigusa. Nyingine inatengeneza nakala ya hifadhidata, nyingine inapanga orodha za dawa. Saa nane mchana kuna moja inayoitwa Funga_Faili. Aliitengeneza Betri, na bado inakwenda kwa akaunti ya Betri.

"Kwa nini hamkuifuta akaunti yake?"

"Tuliogopa kugusa, afande. Kila kitu humu alikitengeneza yeye. Ukitoa tofali moja hujui ukuta gani utaanguka."

Alieleza kazi yenyewe. Zamani wagonjwa walikuwa wakijiondokea kimyakimya bila kuruhusiwa, na kompyuta ikabaki inadai vitanda vimejaa. Betri akaiandikia mashine amri: kila siku saa nane mchana, faili la mgonjwa ambaye hakuna aliyempima wala kumwandikia lolote kwa zaidi ya saa kumi, lifungwe.

"Na ikishafanya, inabaki na kumbukumbu?"

"Inabaki. Inaandika lini, imechukua muda gani, imefaulu au imeshindwa, na nani ameiita."

Inspekta akaacha kuandika. "Nani ameiita, una maana gani?"

"Kazi ya ratiba inaweza kuitwa na ratiba yenyewe. Au mtu anaweza kuketi hapa akaibonyeza kwa mkono wake. Mashine inaandika ni ipi kati ya hizo mbili."

Hapo ndipo Inspekta alipoelewa kwamba swali lake lote la wiki nzima lilikuwa na jibu lake limelala humu, mlango wa pili kutoka kwa wale waliokufa. Ikiwa mjane aliketi mahali akaibonyeza kazi hiyo kwa neno la siri la mumewe, mashine ilikuwa imemwandika. Ikiwa hakufanya hivyo, basi nayo ilikuwa imeandika.

Mtaalamu wa polisi alikuwa ameshakuja Ijumaa. Aliangalia skrini, akaona mistari kumi ya "imefaulu", akaaga. Miwani alicheka kidogo, cheko la mtu anayemhurumia mwenzake. Skrini ile huonesha mara kumi za mwisho tu, alisema, na kifo cha mwisho kilikuwa siku kumi na nne zilizopita. Zilizobaki zimo ndani, ila haziji kwa kubonyeza. Zinaitwa kwa msimbo, yaani amri za kuandika.

Aliandika mistari sita. Inspekta alimtaka amwambie kila mmoja unafanya nini, kwa kuwa angeulizwa mahakamani. Wa kwanza unabisha hodi kwa seva. Wa pili unaitaja kazi kwa jina lake. Wa tatu na wa nne inaweka mwanzo na mwisho, kuanzia tarehe gani hadi gani, na Inspekta akamwambia aanzie siku ile kazi ilipozaliwa. Wa tano unaomba historia yote iliyo katikati. Wa sita unaipeleka kwenye printa ili isibaki neno la mdomo. Inspekta aliandika saa, jina la mashine na mistari yote sita, akamtaka aweke sahihi chini yake.

Printa ilikuwa kwenye kona ya giza nyuma ya makabati. Ilikaa kimya kwa muda mrefu kiasi kwamba wote wawili walidhani imegoma, kisha ikaanza. Karatasi ya kwanza, ya pili, ya tano, ya tisa. Zilikuwa zaidi ya siku mia nne.

Tarehe zilikuwa zimeandikwa kama namba moja ndefu, na saa vilevile, bila nukta: 140000. Miwani alimwonesha namna ya kuzisoma, mbili za mwanzo saa, mbili za kati dakika, mbili za mwisho sekunde. Inspekta alitembeza kalamu kutoka juu. 140000. 140000. 140001. 140000. Hakuna kidole cha binadamu chenye nidhamu ya namna hiyo. Alizitafuta Jumapili tatu, akaziwekea alama. Katika kila moja kulikuwa na maneno yaleyale: imefaulu, faili zilizofungwa 1, imeitwa na ratiba.

"Ratiba," Inspekta alisema.

"Ratiba," Miwani alikubali. "Hakuna mtu."

Kifua cha Inspekta kilipata nafasi. Alikuwa amemfungia mwanamke siku nne kwa kitu kilichofanywa na saa ya ukutani. Lakini hakupenda kufurahi mapema, akauliza kwa nini faili lililofungwa liandikwe amefariki badala ya ameondoka. Miwani alifungua msimbo wa Betri, akausoma taratibu, akashika tama. Betri hakutaja sababu ya kufunga. Fomu haikubali kubaki bila sababu, kwa hiyo mashine ilichukua ile ya kwanza kwenye orodha.

"Na ya kwanza ni ipi?"

"Amefariki."

"Mtu akishaandikwa hivyo, kinafuata nini?"

Miwani alianza kuhesabu kwa vidole, bila haraka, kama mtu anayejibu mtihani. Dirisha la dawa halitoi tena dawa zake. Jina linatoka kwenye orodha ya chakula. Zamu ya mchana inapoingia inachapisha orodha ya wodi, na makabidhiano siku hizi ni hiyo orodha, hakuna anayesimama kusimuliana. Kama ni chumba cha tisa, wanakwenda wanafunga mlango. Kufikia kidole cha nne alikuwa amenyamaza.

Feni zilivuma. Inspekta alifungua daftari lake kwenye ukurasa wa asubuhi, alipoandika habari za kengele, akausoma mara moja tu.

"Walikuwa wanaita," alisema.

Miwani alivua miwani yake akaifuta kwa upindo wa blauzi, ingawa haikuwa chafu. Aliuliza kama wangepona iwapo mtu angefungua mlango, na Inspekta akasema hajui. Inspekta mwenyewe alikuwa na woga, na hakuona haya kuwa nao. Watu watatu walikuwa wamelala nyuma ya mlango huo, wakiwa hai, wakibonyeza kengele, na upande wa pili watu wazima wamesimama ukumbini wakisali waache kubonyeza.

Saa ya ukutani ilionesha saa nane kasoro dakika tatu. Inspekta alimwomba Miwani aite tena historia, safari hii ya leo tu, na aendelee kuiita. Skrini ilirudi tupu. Ikarudi tupu tena. Taa za kijani zilikimbia kabatini, zikatulia. Saa nane ilipofika mstari mmoja ulijitokeza juu ya skrini bila mtu kugusa chochote, na mwanzoni mwake kulikuwa na jina la mwenye kazi, la mtu aliyezikwa wiki tisa zilizopita. Faili zilizofungwa 0. Nywele za mkononi zilimsimama Inspekta, japo alijua fika alichokuwa anakiangalia.

"Isimamishe," alisema. "Isiamke kesho."

Miwani aliisimamisha, akaandika tarehe na saa, akaweka sahihi.

Lilibaki swali ambalo mkuu wa kituo angeliuliza kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Kwa nini chumba cha tisa peke yake, na kwa nini zamu za mjane peke yake? Inspekta aliomba vipimo vya chumba hicho kwa Jumapili zile tatu. Katika kila moja mgonjwa alipimwa saa 02:00 na muuguzi wa usiku, halafu akapimwa tena saa 02:10, au 02:05, au 02:15, na mjane. Mara mbili ndani ya robo saa. Baada ya hapo hakuna kitu mpaka mchana, na mashine ikahesabu karibu saa kumi na mbili bila mtu. Siku nyingine za wiki daktari alipita asubuhi akaandika maneno yake, faili likawa bichi. Jumapili daktari hapiti.

Wauguzi wawili katika chumba kimoja usiku, na mmoja wao geti linasema alikuwa kwake amelala.

Inspekta alitoa mfuko wa vielelezo. Ndani yake kulikuwa na kijitabu cha mjane, kile wauguzi wanachobeba mfukoni kuandikia vipimo kabla hawajavipeleka kwenye kompyuta. Alikifungua Jumapili ya tatu. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa duara. *Na. 9, 2:10, joto limeshuka, amekunywa uji nusu kikombe.* Alisoma kwa sauti ya chini, akarudia tena maneno ya mwisho. Hakuna anayemnywesha mgonjwa uji saa nane usiku.

"Saa mbili na dakika kumi," alisema. "Asubuhi. Ameandika kama anavyosema."

Miwani aliinama juu ya kijitabu. Mashine huanza kuhesabu usiku wa manane, na asubuhi hiyo kwake ni 08:10. Wauguzi wote walifundishwa hivyo, siku moja, wakiwa wamesimama. Mjane alipima kwa wakati, akaandika kwa uaminifu saa ambayo angemtajia mtu yeyote njiani, na mashine ikarudisha kipimo chake nyuma saa sita. Hivyo kufika saa nane mchana, mgonjwa ambaye alikuwa ametoka kunyweshwa uji alionekana ameachwa tangu usiku.

"Lakini haiwezekani," Miwani alisema. "Kazi hii ina zaidi ya mwaka. Huyu mama alikuwa hapa muda wote. Kama anaandika hivi tangu mwanzo, mbona hawakufa tangu mwanzo?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote ya siku hiyo, na Inspekta alimwambia hivyo. Alimtaka abadilishe mstari wa pili wa msimbo. Asiulize kwa jina la kazi, aulize kwa jina la mtu: kila kitu ambacho Betri aliwahi kukiita kwa mkono wake.

Printa ilitoa karatasi moja na nusu. Kazi ilikuwa moja, na jina lake halikuwamo kwenye orodha ya zile saba, kwa kuwa haikupangiwa ratiba yoyote. Iliitwa Saa_Za_Nyumbani. 133812. 134140. 132955. Sekunde zilikuwa za kila namna, za kidole cha mtu. Siku zote zilikuwa Jumapili. Kila mstari ulisema: imefaulu, imerekebisha 1, imeitwa na Betri. Miwani alifungua msimbo wake akakuta mistari miwili mifupi, inayotafuta vipimo vilivyoandikwa na muuguzi mmoja tu, kwa namba yake ya kazi, na kuviongezea saa sita.

Inspekta alilinganisha tarehe na ratiba ya zamu. Zilikuwa ni Jumapili za mjane, zote, hata moja haikukosekana. Mistari mitatu ya mwisho haikuitwa kutoka chumba hiki, ila kwenye kompyuta ya wodi ya wanaume, ghorofa ya kwanza.

"Alikuwa amelazwa humo," Miwani alisema. "Figo. Tulikwenda kumwona, akatuomba tumsogezee kompyuta ya wauguzi kidogo. Tulidhani kazi imemlevya."

Mstari wa mwisho ulikuwa wa Jumapili. Betri alifariki Jumatatu yake, alfajiri.

Inspekta aliuliza kwa nini hakumwambia mkewe tu aandike vizuri. Miwani alisita, akasema kwamba mfumo ulipoanza ilitoka barua: muuguzi atakayeshindwa kompyuta atahamishiwa kufua mashuka. Walihamishwa wanne. Labda alimwambia akakosea tena. Labda alijua angekosea. Inspekta alikunja karatasi zote mbili, ile nene na ile nyembamba, akazitia kwenye faili.

Saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado linaingia dirishani, alimtoa mjane mahabusu. Mkuu wa kituo alikuwa ameshasaini, kwa uso wa mtu aliyemeza shubiri. Mjane aliketi akiwa peku, mgongo umenyooka, akatandika khanga yake magotini. Inspekta alimsukumia karatasi nene na kumwonesha zile alama tatu.

"Hukuwa wewe, mama. Hakuwa mtu yeyote. Ilikuwa kazi ya ratiba, inajiendesha yenyewe. Umeachiwa."

Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Hakushangilia. Aliuliza kuhusu watoto, akaambiwa mdogo wake yuko nje anamsubiri. Kisha akauliza lile ambalo Inspekta alikuwa ameomba njia nzima asiulizwe.

"Kama ni mashine tu, mbona ilichagua wagonjwa wangu?"

Angeweza kumwambia aende nyumbani akapumzike. Karatasi nyembamba ingekaa kwenye faili mpaka wakili fulani aikute, akaisome kwa sauti mbele za watu. Inspekta aliitoa, akaiweka mezani, na kando yake akakiweka kijitabu kikiwa wazi Jumapili ya tatu. Alimweleza kwa sentensi chache. Hakupunguza kitu.

Mjane alitazama kijitabu, akatazama karatasi, akarudi kwenye kijitabu. Alipofika kwenye mstari wa mwisho, ule wa wodi ya wanaume, machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yatiririke.

"Kila Jumapili ya zamu yangu alikuja kunichukua," alisema. "Nikimwambia pumzika, ananiambia nyumbani hakukaliki bila mimi. Nikawaringia wenzangu."

Mjane alikifunga kijitabu.

"Nasikia kengele ililia."

"Ililia, mama."

Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Askari wa zamu aliingia na fomu ya kuachiwa, fomu fupi ya mistari mitatu, akampa kalamu. Mjane aliandika jina lake kwa ule mwandiko wa duara. Akaandika tarehe. Kwenye mstari wa tatu kalamu ilisimama juu ya karatasi, haishuki.

"Afande," alisema, "hapa niandike saa ngapi?"

Inspekta aliichukua kalamu mkononi mwake, akamwandikia.